Pikapu ya Dizeli Haiwaki Alfajiri? Pima Kwanza, Betri Utanunua Baadaye

Msimu wa nyanya napokea simu za saa kumi alfajiri: "Afisa, tenga zote zimeshapakiwa, stata inagonga tik tik tu." Wengi hukimbilia betri mpya. Baada ya wiki mbili nayo imekufa, kwa sababu ugonjwa ulikuwa kwingine.

Dizeli huwaka kwa hewa iliyobanwa mpaka ikapata joto kali. Kuizungusha injini hiyo kunahitaji umeme mwingi, na plagi za kupasha joto nazo zinavuta wake. Ndiyo maana udhaifu mdogo wa betri unaonekana haraka.

Chukua mita ya umeme, iweke kwenye volti za DC, alama ya 20. Shika ncha kwenye vichwa vya betri, upime mara tatu:

1. Gari likiwa limelala usiku kucha. Volti 12.6, betri imejaa. 12.2, imebaki kama nusu. Chini ya 12, imeisha. Ichaji kwanza ndipo uendelee.

2. Mwenzako akipiga stata. Betri iliyojaa ikishuka chini ya 9.6, imechoka. Hapo sasa nunua.

3. Injini ikiwa inaunguruma. Tegemea 13.8 hadi 14.5. Ikibaki 12 na kitu, alternata haichaji: angalia mkanda kama umelegea, kisha waya zake. Ikipita 15, inachaji kupita kiasi na itaiua betri yoyote utakayoweka.

Je, vipimo vyote ni vizuri na stata bado nzito? Weka ncha moja kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, stata ipigwe. Ukisoma zaidi ya volti 0.5, waya wa ethi umelegea au umeshika kutu. Safisha, kaza. Hiyo ni kazi ya spana na msasa tu.

Tahadhari: ukifungua, anza na waya wa hasi, ukifunga, uwe wa mwisho. Sigara weka mbali, betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka.

Andika namba zako kwenye daftari la shamba kila mwezi, uende nazo kwa fundi. Nyanya iliyoiva haisubiri mtu anayebahatisha.