HAKI YA MTOTO WA MFUNGWA SKULINI NA CHUONI

Mwenyezi Mungu ametujulisha katika Surat al-An'am, aya ya 164, ya kwamba hapana nafsi ibebayo mzigo wa nafsi nyingine. Maana hii imekaririwa katika Sura nyingine nne: al-Israa, Fatir, az-Zumar na an-Najm. Jambo lililokaririwa mara tano si la kupitiwa hivi hivi.

Lakini tazameni, ndugu zangu, hali yetu ilivyo. Baba akitiwa jela, mwanawe huwa kama aliyehukumiwa pamoja naye. Jirani humkataza mwanawe asicheze naye; wenziwe humbandika jina la gereza; na ikipotea kalamu darasani, mkoba wa kwanza kupekuliwa ni wake. Tukiulizwa hoja yetu, twajibu kwa methali: mtoto wa nyoka ni nyoka. Methali si aya wala si Hadithi. Nabii Ibrahim (A.S.) babake aliabudu masanamu, na mwana wa Nabii Nuh (A.S.) aligharikishwa pamoja na makafiri. Lau wema na uovu ungelikuwa ni urithi wa damu, hayo yangelikuwaje?

Tena si kila aliye ndani ni mkosa. Nabii Yusuf (A.S.) alifungwa naye hana hatia. Na katika magereza yetu, kama Shimo la Tewa, wamo mahabusu ambao kesi zao hazijakatwa. Na Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 50, yasema mshitakiwa ahisabiwe hana hatia mpaka ithibitike.

Basi yawapasa nini walimu?

Kwanza, kuhifadhi siri. Mlezi amweleze mwalimu mkuu, naye asimwambie ila anayehitaji kujua. Mtoto asiulizwe mbele ya wenziwe babake yuko wapi, wala asiulizwe kosa lake. Surat al-Hujurat, aya ya 11 na 12, zimekataza dhihaka, majina mabaya, kupeleleza na kusengenya. Na darasa halikutolewa katika hukumu hiyo.

Pili, kumfahamu. Mtoto aliyeona mzazi wake akikamatwa huenda akasinzia darasani, akawa mkali, au akanyamaza kimya. Sisi twaona utukutu, kumbe ni huzuni. Adabu isiachwe, lakini aitwe kwanza faraghani aulizwe amelalaje na amekula nini. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, imekataza kumtesa mwanafunzi kwa mwili au kwa moyo. Na ikiwa nyumbani ameambiwa baba amesafiri, mwalimu asimfichulie. Amnasihi mlezi amwambie kweli kwa kadiri ya umri wake, kabla hajaisikia vichochoroni.

Tatu, kutokata kizazi. Siku ya kwenda kumwona mzazi ikiangukia siku ya masomo, apewe ruhusa bila ya adhabu, na akirudi afundishwe yaliyompita. Ripoti yake nayo ipelekwe kwa mzazi gerezani, isipokuwa mzazi huyo ndiye aliyemdhulumu mtoto.

Nne, kumsaidia. Aliyefungwa mara nyingi ndiye mchumi wa nyumba. Katiba, kifungu cha 53, imempa kila mtoto elimu ya msingi bila ya malipo, lakini sare, chakula na ada ya chuo hubaki. Surat al-Insan, aya ya 8, imewataja pamoja maskini, yatima na mfungwa katika watu wa kulishwa. Je, mtoto aliye maskini kwa sababu mzazi wake amefungwa, si astahili?

Wala tusiwasahau wadogo waliokaa gerezani na mama zao. Sheria yawaruhusu mpaka miaka minne, kisha hutoka, mama akabaki. Huo ndio umri wa kuanza chuo: basi mlango wa kwanza atakaoujua ulimwenguni huenda ukawa ni wa mwalimu.

Walimu wetu, mtoto huyu tukimfukuza kwa uso mkunjufu au mkavu, wako barazani watakaompokea; na hao ndio watakaomfikisha huko aliko babake. Hapo tutasema methali ilikuwa kweli, nasi ndio tulioithibitisha.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.