Mwanangu hasomi mpaka aone hela

SWALI: Mwanangu yuko darasa la tatu. Zamani alisoma hata maandishi ya mfuko wa unga. Nikaanza kumpa shilingi 500 kwa kila kitabu anachomaliza. Sasa bila hela hafungui kitabu. Nifanyeje?
Mama, Morogoro

JIBU: Mama, umemlipa kwa jambo alilokuwa akilifanya kwa raha zake, likageuka kibarua. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani, Lepper, Greene na Nisbett, walichapisha jaribio walilofanya kwa watoto wa chekechea waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Walioahidiwa cheti kabla ya kuchora, baadaye walizichezea kalamu hizo kwa takriban nusu ya muda wa wenzao. Waliopewa cheti bila kutarajia hawakupoteza hamu. Kumbe shida ni ile ahadi, si zawadi yenyewe.

Acha malipo, lakini usiyafute kwa hasira. Usiku msomee wewe, hata kurasa tatu, kisha simama, tuseme pale sungura wa hadithi amenaswa, na umuulize, “Unadhani atatokaje?” Kitabu kiache mkekani. Akikichukua mwenyewe, jifanye hujaona! Akikosea neno, mwache amalize sentensi kwanza.

Mwalimu wake naye muombe amruhusu kuchagua hadithi ya kuwasomea wenzake. Viboko kwa kusoma vibaya visiwepo kabisa. Hapo sina mjadala. Na akirudi kutoka shuleni, kabla ya “umepata ngapi?”, muulize leo ameuliza swali gani.