Maji Machafu Chini ya Nyumba na Kisima cha Jirani

Katika kila nyumba maji hutumiwa na kisha humwagwa. Maji ya kuogea, ya kufulia nguo, ya kuoshea vyombo na samaki, yote hayana budi kwenda mahali fulani. Watu wengi huyamwaga uani au katika shimo lililo karibu, na kwa kuwa ardhi huyanywa upesi, hudhani ya kuwa habari yake imekwisha. Jinsi maji hayo yanavyoweza kurudi kwa mwenyewe ilidhihirika katika mji wa London, Uingereza, mwaka wa 1854. Kisa hicho chastahili kusimuliwa kwa urefu, maana kosa lililofanyika huko hufanyika hata leo katika viwanja vingi vya Afrika ya Mashariki.

Katika mtaa wa Soho palikuwa na njia iliyoitwa Broad Street, ambayo siku hizi huitwa Broadwick Street. Nyumba zilisongamana, na katika nyumba moja walikaa jamaa nyingi. Chini ya nyumba, katika sehemu iliyochimbwa ardhini, palikuwa na shimo lililojengwa kwa matofali la kupokea maji machafu na uchafu mwingine. Nje, kando ya njia, palikuwa na pampu juu ya kisima. Maji yake yalisifiwa kwa kuwa maangavu na matamu, hata mjane mmoja aliyekuwa amehamia Hampstead, mbali na hapo, alikuwa akiletewa maji ya pampu ile kwa sababu aliyapenda kuliko mengine.

Mwishoni mwa mwezi wa Agosti mwaka huo, mtoto mchanga katika nyumba nambari 40, iliyokuwa karibu kabisa na pampu, alishikwa na tumbo la kuhara. Mama yake alizifua nepi ndani ya ndoo, na maji yake akayamwaga katika shimo lililokuwa chini, mbele ya nyumba. Asilaumiwe mama huyo. Alifanya kama walivyofanya wengine wote, na hakuna aliyemfundisha vingine. Usiku wa tarehe 31 Agosti kipindupindu kililipuka mtaani. Katika muda wa siku kumi hivi watu zaidi ya 500 walikufa, na kabla ya mambo kutulia idadi ilipita 600. Mjane wa Hampstead naye alikufa. Lakini wafanyakazi wapatao 70 wa kiwanda cha bia kilichokuwa katika njia ile ile hawakufa hata mmoja, kwa kuwa walipewa bia ya kunywa, na kiwanda kilikuwa na kisima chake chenyewe.

Wakati huo wataalamu wengi waliamini ya kuwa kipindupindu huletwa na hewa mbaya yenye kunuka. Daktari John Snow hakukubali. Alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza marehemu walikunywa maji ya wapi, na jioni ya tarehe 7 Septemba akawaeleza wakuu wa mtaa aliyoyapata. Kesho yake mpini wa pampu uliondolewa. Kweli ni kwamba ugonjwa ulikuwa umekwisha anza kupungua, maana watu wengi walikuwa wamekimbia. Hata hivyo, siku ile ile baba wa yule mtoto, aliyekuwa askari polisi, alishikwa na kipindupindu, na maji machafu yake pia yakamwagwa katika shimo lile. Kama watu wangaliendelea kuteka maji ya pampu, huenda maafa yangalianza upya.

Kasisi Henry Whitehead wa mtaa ule alianza uchunguzi akitumaini kuonyesha kwamba Snow amekosea. Ndiye aliyeiona habari ya kifo cha mtoto katika daftari. Mwaka wa 1855 shimo lilichimbuliwa. Matofali yake yalikuwa yameoza na kulegea hata yakang'oka bila nguvu, mfereji wa kutolea maji ulikuwa umeziba, na kutoka ukuta wa shimo hadi kisima hazikufika futi 3. Udongo wa katikati ulikuwa umelowa uchafu.

Udongo mzuri ni kama chujio. Maji yapitapo polepole katika mchanga mwembamba, vijidudu hunaswa na kufa njiani. Lakini chujio hilo lina kiasi chake: likiwa jembamba, au likilowa siku zote, au likiwa na nyufa, vijidudu hupita wakiwa hai. Wakazi wa pwani wangefaa kuliangalia jambo hili zaidi, kwa sababu mwamba wa matumbawe una matundu na mianya inayopitisha maji upesi na mbali, na maji hutokea kisimani yakiwa maangavu kabisa, kama yale ya Broad Street.

Kwa hiyo shimo la kunyonya maji hupasa kuwa mbali na kisima kwa mita 30 au zaidi, tena upande wa chini wa mteremko, na choo vivyo hivyo. Penye matumbawe hata mita 30 zaweza zisitoshe. Chini ya shimo pabaki udongo mkavu wa mita 2 kabla ya kufikia maji ya ardhini, hata wakati wa masika. Shimo hujazwa mawe na kufunikwa vizuri, kwa kuwa mbu aenezaye matende huko pwani hupenda kuzaa katika maji machafu yaliyotuama. Mafuta ya jikoni huziba udongo; debe lililotobolewa matundu na kujazwa majani makavu huyazuia, nayo majani hubadilishwa mara kwa mara na kufukiwa. Maji ya mvua kutoka paani yasiingizwe humo kamwe, maana shimo litafurika. Maji yaliyofulia nguo za mwenye kuhara yamwagwe chooni, si uani, na aliyefua aoshe mikono kwa sabuni.

Katika viwanja vya mjini mita 30 mara nyingi hazipatikani, na hata zikipatikana, shimo la jirani laweza kuwa nyuma ya ukuta tu. Mwenye kisima na apime upande huo pia, ikibidi pamoja na afisa wa afya. Kisima kikionekana kuwa karibu mno, maji yake yatumike kwa kusafishia sakafu na kujengea, na ya kunywa yatoke kwingine. Asiyeweza kuyapata kwingine ayachemshe mpaka yatokote sana kwa muda wa dakika moja, kisha ayaweke katika chombo safi chenye kifuniko.