Uchungu wa Kuzaa Ukikawia

Mama, uchungu ukianza asubuhi, na jua linatua mtoto hajazaliwa, usingoje kesho. Nenda hospitali. Kichwa cha mtoto hubana kibofu kwenye mfupa. Nyama ikikosa damu hufa na kuacha tundu, na mkojo hutoka bila kukoma. Wengine watakuambia umezini, utaje jina la mwanamume ndipo uzae. Sivyo: njia ni nyembamba, au mtoto amekaa vibaya.

Daktari Denis Mukwege alipoanza kazi Lemera, katika milima ya Uvira, mwaka 1983, aliona akina mama waliofika wamechelewa hivyo. Leo tundu hilo hushonwa Panzi, Bukavu. Nawe mume, tafuta kipoyi na wachukuzi kabla mwezi wa tisa haujafika.