SOMO: Ukichomwa na Sindano Usinyamaze

Wengi wetu huku Kitengela na Kajiado tunahudumia wagonjwa nyumbani, au tunaitwa usiku mama akishikwa na uchungu ghafla. Tunagusa damu kama manesi.

Damu huweza kuleta Ukimwi na homa ya ini aina ya B na C. Kati ya watu 1,000 wanaochomwa na sindano yenye damu ya mwenye virusi vya Ukimwi, karibu 3 huambukizwa. Homa ya ini ya B huambukiza kwa urahisi zaidi, lakini ina chanjo. Tuulizie hospitalini.

Tufanye hivi:
1. Vaa glavu kabla ya kugusa damu.
2. Usirudishie sindano kifuniko. Itie kwenye mkebe mgumu, upeleke zahanati. Ukiitupa jaani, watoto watachomwa.
3. Ukichomwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usikamue kidonda wala kupaka jiki.
4. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi huanzwa kabla ya saa 72 kupita, nazo humezwa siku 28. Mapema ndiyo bora.

Wengine hunyamaza kwa aibu, saa zikapita. Kuchomwa si kosa! Na kutoka manyatta hadi barabara ya lami ni mbali, kwa hiyo kikundi kiweke akiba ya nauli.

Mjadiliane: Mwenzetu akichomwa leo usiku, nani atampeleka, na kwa pesa gani?