Tanuri Likigoma Kuyeyusha: Mafunzo Niliyopata Kahama na Katoro

Kutoka Kahama mkoani Shinyanga hadi Katoro, Rwamagasa na Nyarugusu mkoani Geita, ziko nyumba nyingi zenye tanuri dogo uani. Ni matofali yaliyojengwa kwa mviringo, bomba la chuma linaloingiza hewa kwa chini, feni ya umeme, na katikati chungu kilichobeba jasho la watu wa duara zima, yaani shimo la uchimbaji. Tanuri hilo likigoma, mwenye duara anasubiri, wachimbaji wanasubiri mgao, na watoto wa nyumba ile wanazidi kuvuta moshi. Kazi yangu ni kuyajenga na kuyatengeneza matanuri hayo. Simu ninazopokea zinafanana: "Fundi, moto unawaka, ila dhahabu haiyeyuki." Niliyojifunza ni haya.

1. Uliza rangi ya moto kwanza

Dhahabu safi huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,064. Fedha huitangulia kwa 962, shaba huifuata kwa 1,085, na chuma kiko mbali kabisa, 1,538. Namba hizi zinafaa kukaa kichwani kwa sababu wengi wetu hatuna kipimajoto cha tanuri, tuna macho tu. Chungu chenye rangi ya damu ya mzee bado kiko karibu na nyuzi 700. Kikifika rangi ya chungwa lililoiva kinakaribia 1,000. Kikianza kuwa cha njano ndipo dhahabu inapokubali. Lakini tazama ukiwa kivulini, maana jua la saa sita la Usukuma hufanya moto wa njano uonekane mwekundu.

Kwa hiyo mtu akinipigia namuuliza: ndani kuna rangi gani? Akisema damu ya mzee, najua tunatafuta hewa na mkaa. Akisema njano, tanuri ni zima, na mazungumzo yetu yatahusu kilichomo chunguni.

2. Hewa kabla ya mkaa

Moto ukilegea, mkono wa mtu huenda kwenye gunia. Anaongeza mkaa, mkaa unafunika, moto unazidi kulegea. Kilo moja ya kaboni, ili iungue yote, inataka zaidi ya kilo 11 za hewa. Hewa hiyo isipofika, hata ukimwaga magunia matatu utapata moshi na joto la kuchemshia maharage.

Mama mmoja wa Katoro aliniita akiwa ameshaagiza feni mpya kutoka Mwanza. Nikafika asubuhi, nikamsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka mayu," yaani habari za asubuhi mama, akanipeleka uani. Feni ilikuwa inanguruma bila kuzunguka. Nikachukua kijiti, nikasukuma panga lake kidogo, likashika mwendo na kuendelea lenyewe. Mota ya namna hiyo haijafa. Kilichochoka ni kapasita, kile kikopo kidogo kinachoipa msukumo wa kuanza, na hupatikana kwenye duka lolote la vifaa vya umeme. Chomoa umeme kabla ya kukigusa, na kumbuka kwamba kapasita hutunza umeme hata baada ya kuchomolewa.

Tukabadilisha, feni ikavuma, na moto bado ukabaki wa damu ya mzee. Nikasubiri tanuri lipoe, nikamulika tochi mdomoni mwa bomba. Pale palikuwa na donge la kioo cha kijani kilichokaribia weusi, limeshika ukingo wote, na tundu lililobaki halikupitisha hata kidole gumba. Kioo kile ni majivu, mchanga na boraksi (dawa ya kusafishia dhahabu) iliyochuruzika kutoka chunguni, vikayeyuka pamoja na kuganda pale ambapo hewa baridi inaingia. Kilitoka kwa tindo, kikiwa baridi, kwa kugongwa taratibu kutokea ndani. Jioni ile mayu aliyeyusha dhahabu yake kwa mkaa usiofika nusu ya ule aliokuwa amezoea.

Kama mdomo wa bomba uko wazi na feni ni nzima, angalia maungio. Nyunyiza majivu makavu juu yake feni ikiwa imewashwa. Yanapopeperuka ndipo hewa inapotoroka. Na kama tanuri husumbua jioni tu lakini asubuhi ni zuri, huenda ni umeme mdogo: watu wamerudi nyumbani, karasha za kusagia mawe mtaani zinazunguka, na feni inapata nguvu isiyotosha. Hamishia kazi asubuhi.

Elimu hii ya hewa si ngeni kwetu. Warongo, wafua chuma wa upande huu wa Geita na Biharamulo, walisukuma hewa kwa viriba vya ngozi ya mbuzi kupitia mabomba ya udongo. Kwingine mkoani Kagera, watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science mwaka 1978 kwamba wayeyushaji wa kale, zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, waliingiza mabomba hayo ndani kabisa ya tanuri ili hewa ipate joto kabla ya kuukuta mkaa. Nikiwaza jambo hilo nikiwa nimeinama kwenye feni ya Kichina, naona tuna deni la kuifanya kazi hii vizuri.

3. Mkaa mkavu, uliochekechwa

Hapa sina mengi. Chenga hufunga njia ya hewa, na unyevu hula joto ambalo lingekwenda kwenye chungu. Chekecha, anika, tumia vipande vya ukubwa wa yai. Shinyanga ilikatwa miti hadi ikakaribia kuwa jangwa, na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986 wazee walirudia kutenga ngitili, yaani maeneo ya malisho yanayohifadhiwa, ili miti iote tena. Mkaa unaoungua bure kwa sababu ya bomba lililoziba unatoka kwenye miti hiyo.

4. Saruji haifai ndani ya tanuri

Nimeitwa mara nyingi kwenye tanuri linalobomoka kwa ndani, na mwenyewe ananiambia kwa fahari kwamba alilipiga plasta ya saruji. Saruji ya kawaida hushikamana kwa sababu ya maji yaliyofungwa ndani yake. Moto mkali huyafukuza maji hayo, na kinachobaki ni unga. Plasta ikishabanduka, joto linapita kwenye nyufa, ukuta wa nje unaunguza mkono na chungu kinabaki chekundu.

Udongo wa kichuguu unatufaa zaidi. Uchanganye na mchanga na pumba za mpunga, uukandike, uuache ukauke kivulini, kisha uwashe moto mdogo kwa muda kabla ya ule mkubwa. Ukiuharakisha, maji yaliyomo yatageuka mvuke na kuupasua. Mwenye uwezo anunue matofali ya moto, yatamdumu.

5. Gonga chungu usikie

Chungu cha grafiti au cha udongo kikiwa kizima kinalia kwa sauti ndefu; chenye ufa kinatoa sauti ya kufa. Kikikaa masika yote bila kazi kimenyonya unyevu, kipashe joto taratibu. Chenye ufa kitupe, hata kama ufa ni mwembamba kama unywele.

6. Tanuri zima, mzigo mbaya

Moto ni wa njano, chungu ni kizima, na ndani kuna uji mzito usiomiminika. Mara nyingi ni mchanga mweusi uliobaki kwenye dhahabu, pamoja na vipande vya chuma vilivyokatika kwenye nyundo au mipira ya karasha. Vitu hivyo havitayeyuka kwenye joto letu, hata ukichochea mpaka alfajiri. Pitisha sumaku kabla ya kuweka mzigo chunguni, ukiwa umeifunga kwenye karatasi ya nailoni ili uchafu ushuke kirahisi. Kisha tia boraksi ya kutosha: inayeyuka mapema, inabeba uchafu na kuelea nao juu, dhahabu inatulia chini. Anayebana boraksi hupoteza dhahabu iliyonasa kwenye uchafu, na dhahabu hiyo ina thamani kuliko boraksi aliyoibania.

7. Gesi nayo ina matatizo yake

Wanaotumia bana ya gesi huniambia mtungi umechakachuliwa, kwa kuwa moto unaanza vizuri kisha unafifia. Shika mtungi uone. Kama umepoa sana au una ukungu wa barafu, gesi inatolewa kwa kasi kuliko inavyoweza kuchemka na kugeuka mvuke. Tumia mtungi mkubwa zaidi, au unganisha miwili. Usiupashe mtungi kwa moto hata siku moja. Regulata ya jiko la nyumbani nayo haiwezi kulisha tanuri, ilitengenezwa kwa msukumo mdogo. Uvujaji utafute kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

8. Zebaki, na kwa nini tanuri bovu ni hatari kuliko linavyoonekana

Mtu huona tanuri linalogoma kama hasara ya mkaa na muda. Mimi naona mtu aliyeinama juu ya mvuke kwa muda mrefu kuliko ilivyopaswa.

Zebaki, ambayo wachimbaji huitumia kukamatia dhahabu, huchemka kwenye nyuzi 357, joto ambalo hata moto wa damu ya mzee unalipita mbali. Anayetia dhahabu yenye zebaki moja kwa moja kwenye tanuri anaimwaga sumu hewani. Nyingine inaingia kifuani mwake, nyingine inaganda kwenye kuta na mabati, na mvua ikinyesha inashuka kwenye ndoo ya maji. Kutetemeka mikono, kusahau na kukosa usingizi ni dalili zake, na mtoto aliye tumboni ndiye anayeumia zaidi. Mambo haya hayakuanza kusemwa jana. Rwamagasa ilikuwa kituo cha Tanzania katika mradi wa kimataifa wa zebaki ulioanza mwaka 2002, na nchi yetu iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020.

Tumia ritoti: chombo cha chuma kilichofungwa, chenye bomba linalopozwa kwa maji, ambamo zebaki inarudi kuwa kimiminika. Mdomo wa bomba usiuzamishe majini, kwa sababu chombo kikipoa kinanyonya maji, na maji yakikuta chuma cha moto yanalipuka. Halafu wengi hawaambiwi jambo hili: dhahabu iliyotoka kwenye ritoti bado ina zebaki kidogo ndani yake, na hiyo hutoka wakati wa kuyeyusha. Kwa hiyo tanuri linalochukua saa tatu badala ya nusu saa linamweka mtu jirani na mvuke huo saa zote tatu, akipepea, akichungulia, akiinama.

Mkaa usiopata hewa nao hutoa monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi. Kichwa kikiuma na miguu ikilegea wakati wa kazi, ondoka pale kwanza, habari za chungu baadaye.

Uyeyushaji una leseni yake kisheria, na tangu Machi 2019 Geita ina soko la madini ambako dhahabu hupimwa na kuuzwa hadharani. Kama huna mahali salama pa kuyeyushia, mpelekee mwenye leseni na sehemu iliyo wazi. Na kama tanuri lako liko chini ya paa moja na chumba wanacholala watoto, usiniite kulitengeneza. Libomoe, ulijenge mbali na nyumba, upande ambao upepo unaondoka nao, kisha nipigie simu.