Jinsi Picha Moja Inavyowafikia Watu Sitini

Utangulizi

Mwalimu wa fizikia amemaliza kuchora ubaoni mchoro wa saketi ya umeme. Kabla ya kuufuta, anaupiga picha kwa simu yake na kuipeleka katika kikundi cha ujumbe chenye wanachama 60. Kwa macho, tendo hili ni jepesi. Hata hivyo, aliyeisanifu programu hiyo hakuwa na budi kujibu maswali manne: Picha ipunguzwe kiasi gani? Ipitie wapi? Nani aweze kuiona? Na je, ikishatumwa yaweza kurudishwa? Makala haya yanakusudia kueleza maswali hayo pamoja na hisabati iliyomo ndani yake.

Picha ni jedwali la namba

Ndani ya simu, picha ni jedwali kubwa la namba. Sehemu yake ndogo kabisa huitwa pikseli. Pikseli moja huelezwa kwa namba tatu, yaani kiasi cha rangi nyekundu, cha kijani na cha buluu, na kila namba huchukua baiti 1. Tuseme picha ya mwalimu ina pikseli 4,000 kwa upana na 3,000 kwa kimo. Basi ukubwa wake ni:

4,000 × 3,000 × 3 = baiti 36,000,000

Mzigo huu ni mkubwa mno kusafirishwa jinsi ulivyo. Kwa hiyo simu huubana kwanza.

Kubana picha

Kanuni itumikayo sana kubana picha ni JPEG, iliyokubaliwa kimataifa mwaka 1992. Msingi wake ni mgeuzo wa kosaini, uliotangazwa mwaka 1974 na Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa India aliyekuwa akifundisha Marekani, pamoja na wenzake T. Natarajan na K. R. Rao.

Kwanza picha hukatwa katika miraba ya pikseli 8 kwa 8. Kisha namba 64 za kila mraba hugeuzwa kuwa namba 64 nyingine, ambazo kila moja hueleza nguvu ya wimbi moja. Mawimbi mengine hubadilika polepole, mengine kwa haraka. Jicho la mwanadamu halitambui vema mabadiliko madogo ya haraka; kwa hiyo namba za mawimbi hayo hukadiriwa tu, na nyingi huwa sifuri. Sifuri nyingi zinazofuatana zaweza kuandikwa kwa ufupi sana. Kwa njia hii, picha yetu yaweza kushuka hadi baiti 4,000,000 hivi bila jicho kuona tofauti.

Lakini ubanaji ukizidi una gharama yake. Maandishi ya chaki yana kingo kali, na kingo kali huhitaji mawimbi ya haraka. Mawimbi hayo yakipunguzwa mno, viwimbi vya ukungu huonekana kandokando ya herufi, na alama ndogo kama nukta ya desimali yaweza kupotea. Picha ya mlima huvumilia hasara hiyo. Mchoro wa saketi hauvumilii. Ndiyo sababu yafaa mtumaji aachiwe nafasi ya kuchagua kati ya picha nyepesi na picha kamili.

Hesabu ya kikundi

Sasa tuchunguze njia tatu za kuwafikishia picha wanachama 59 waliobaki.

Njia ya kwanza: simu ya mwalimu impelekee kila mmoja nakala yake. Mwalimu atatuma 59 × 4,000,000 = baiti 236,000,000. Bando lake litakwisha kabla ya kipindi kijacho.

Njia ya pili: atume mara moja tu kwa seva, yaani kompyuta ya kati, na wengine waichukue huko. Mwalimu amepona, kwani ametuma baiti 4,000,000 tu. Lakini wapokeaji kwa pamoja bado watalipia baiti 236,000,000, hata wale wasiotaka kuitazama.

Njia ya tatu: simu ya mwalimu itengeneze picha mbili, moja nyepesi ya baiti 300,000 na kijipicha cha baiti 6,000. Kila mtu apokee kijipicha. Atakayependa kuona zaidi ndiye aifungue picha yenyewe. Tuseme waliofungua ni 20:

(59 × 6,000) + (20 × 300,000) = baiti 6,354,000

Hii ni pungufu mara 37 kuliko hapo awali. Mzazi mwenye simu ya bei ndogo na bando la siku moja hatalazimika kulipia picha asiyoihitaji.

Siri ya kikundi

Picha ikipitia seva, je, mwenye seva aione? Ili asiione, simu ya mtumaji hubuni ufunguo kwa bahati nasibu, kwa kawaida wa biti 256, na kuisimba picha, yaani kuigeuza kuwa fumbo, kabla haijaondoka. Fumbo hilo hupelekwa kwa seva mara moja tu. Kisha kila mwanachama hupelekewa ujumbe mdogo, nao umesimbwa, wenye ufunguo, mahali fumbo lilipo, na namba ya uhakiki ya kuthibitisha kwamba halikubadilishwa njiani. WhatsApp na Signal hutumia njia ya namna hii.

Yafaa mwanafunzi azingatie matokeo yake. Kwa kuwa seva haiwezi kuifungua picha, haiwezi pia kuipunguza wala kuitengenezea kijipicha. Kazi hiyo lazima ifanywe na simu ya mtumaji. Hivyo uamuzi juu ya siri umeamua pia mahali pa kufanyia hesabu.

Yaliyofichika na yasiyorudi

Faili la picha laweza kubeba habari zisizoonekana: saa ya kupigwa, aina ya kamera, na hata latitudo na longitudo za mahali. Habari hizo huandikwa kwa kanuni ya Exif, iliyotolewa Japani mwaka 1995. Picha iliyopigwa nyumbani kwa mwanafunzi yaweza kuwaonyesha watu 59 mahali anapolala. Programu njema huziondoa habari hizo bila kungoja kuombwa.

Kuhusu kurudisha, ukweli ni mchungu. Amri ya kufuta picha kwa wote ni ombi tu lipelekwalo kwa simu za wengine. Aliyekwisha kunakili picha anabaki nayo. Maji yakimwagika hayazoleki. Msanifu aweza kumpa mtumaji nafasi ya kutazama tena picha na jina la kikundi kabla ya kutuma; hawezi kumpa zaidi ya hapo.

Maswali

1. Picha ya pikseli 1,600 kwa 1,200 imebanwa hadi baiti 300,000. Imepungua mara ngapi?

2. Rudia hesabu ya njia ya tatu kwa kikundi cha watu 200, ambapo waliofungua picha ni 50.

3. Jadilini darasani: Mwanachama aliyejiunga leo apewe funguo za picha za jana? Toeni hoja za pande zote mbili.